Alhamisi za Emerensiana

Mvua ndiyo iliyoanzisha. Alhamisi moja ya mwaka 2006, watu wawili walikuja kwa Emerensiana, fundi wa masweta ya shule mjini Njombe, kuchukua masweta ya watoto wao. Mvua ikawazuia sebuleni hadi jioni. Mmoja alikuwa Mwalimu Stella, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Mwingine alikuwa Sadock, bwana shamba. Walikunywa chai, wakabishana kama mtu mzima anaweza kubadilika tabia, na wiki iliyofuata wakarudi bila kuwa na sweta la kuchukua.

Miaka kumi na minane baadaye walikuwa bado wanarudi, kila Alhamisi saa kumi. Stella na Sadock walikuwa wameshastaafu. Kila wiki mmoja alileta swali. Umbea ulikatazwa. Emerensiana ndiye aliyefungua mazungumzo, ndiye aliyemkatiza aliyezidi kuongea, na kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kisha Stella akamleta Eveline.

Eveline alizaliwa kijijini Ipelele, lakini kwa miaka ishirini na mitano aliendesha mgahawa karibu na stesheni ya Makambako. Sasa alikuwa amehamia Njombe kwa binti yake. Siku ya kwanza alisimulia habari ya bibi harusi aliyeshuka kwenye treni amevaa gauni lake la harusi, akala sahani mbili za wali, kisha akauliza treni ya kurudi alikotoka inapita saa ngapi. Sadock alicheka mpaka akavua miwani. Stella alisogeza kiti chake karibu na cha Eveline, na tangu siku hiyo hakukirudisha.

Baada ya miezi miwili Emerensiana alikuwa akifungua mazungumzo na watu wakimgeukia Eveline. Walikunywa chai yake na kukalia viti vyake, lakini waliyemfuata ni mwingine. Akiwa kwenye mashine ya kufuma alijikuta akihesabu: Stella amecheka mara ngapi kwa Eveline, mara ngapi kwangu?

Jumatano moja walikutana sokoni.

"Kamwene, dada," Eveline alimsalimia. "Swali la kesho ninalo mimi."

"Kesho hatukutani," Emerensiana akasema. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. "Tumehamishia Ijumaa."

Alhamisi, Sadock aliuliza Eveline yuko wapi.

"Amekwenda Makambako," Emerensiana akajibu.

Alisubiri furaha yake, haikuja. Walizungumzia bei ya parachichi. Stella alitazama getini mara nne, na saa kumi na moja na nusu, mapema kuliko kawaida, wote wawili wakaaga.

Ijumaa Eveline alifika kwenye manyunyu, amebeba hotipoti la viazi.

"Wenzetu wako wapi?"

"Wamepata udhuru."

Akaketi. Hakusimulia kitu. Alikula kiazi kimoja, akanyoosha mikono kwenye jiko, halafu akauliza, "Dada, ufundi huu uliupenda, au ulikuangukia?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Emerensiana akamweleza kwamba yeye na Stella walichaguliwa pamoja kwenda chuo cha ualimu. Baba yake Stella alimpeleka mwanawe. Baba yake Emerensiana alisema nyumba ina wavulana wa kusomeshwa kwanza. Eveline hakusema pole. Alimshika mkono tu, na walikuwa bado wamekaa hivyo Stella alipopiga hodi, amekuja kuchukua mwavuli aliousahau jana yake.

Stella aliwatazama mmoja mmoja. "Emerensiana, si ulisema Eveline amekwenda Makambako?"

"Makambako?" Eveline akautoa mkono wake. "Mimi nimeambiwa mmehamishia leo."

"Nimewadanganya wote," Emerensiana akasema. "Nilikuwa na wivu. Eveline, wanakusikiliza wewe. Na wewe Stella, nimekuonea wivu tangu ile asubuhi ulipopanda basi na sanduku lako la chuma kwenda chuoni."

Stella alikaa kwenye kiti kilicho karibu. "Nilikuandikia barua tatu kutoka chuoni," akasema. "Hukujibu hata moja. Nilifikiri ulikuwa na kazi nyingi."

Eveline alichukua hotipoti lake, viazi vikiwa bado vya moto, akatoka.

Alhamisi iliyofuata alikuja Sadock peke yake, akazungumza saa nzima juu ya magonjwa ya viazi. Iliyofuata hakuja mtu. Jumatatu asubuhi Emerensiana aliacha mashine, akaenda nyumbani kwa binti wa Eveline, akamkuta Eveline akichambua maharage barazani.

"Nimekuja kuomba radhi, mdogo wangu."

Eveline aliendelea kuchambua. "Nilitembea kwenye mvua nikiamini nina watu," akasema hatimaye. "Nitarudi. Lakini sitaki tena kukutana kwako kila wiki. Tuzunguke kwa zamu. Tuanzie hapa."

Sharti hilo lilimchoma. Alhamisi ilikuwa kitu pekee mjini Njombe ambacho watu walikiita chake. Akakubali.

Alhamisi alitangulia kufika, Sadock akafuata. Kwa mara ya kwanza alioneshwa pa kukaa, akamsikia mwingine akifungua mazungumzo. Stella alipoingia alisita mlangoni, kisha akaketi kati ya Emerensiana na Eveline, si karibu zaidi na huyu wala na yule. Emerensiana alilipima hilo kwa macho, hakuweza kujizuia.

Vikombe vya Eveline vilikuwa vizuri kuliko vyake, vyembamba, vina maua ya buluu, na hilo nalo lilimuuma. Akasogeza chake mbele, akaomba aongezewe chai.