Fremu Iliyooza Chini ya Vanishi

Ijumaa iliyopita, tukitoka ibadani Mesaimeer, hapa Doha, simu yangu ililia kabla sijafika kwenye gari. Aliyepiga alikuwa mtu aliyeishi chumba kimoja na fundi mmoja niliyefanya naye kazi miaka michache iliyopita. Sisi tulio huku ughaibuni tunazijua simu za namna hiyo: mtu anakusalimu mara mbili, kisha anakuuliza, "Dada, umekaa mahali?" Fundi, seremala wa Bungoma aliyekuja Doha kuwa mlinzi akaishia kutengeneza magari ya kale, alikuwa amefariki hospitalini baada ya kuugua siku nne tu. Hakuwa ndugu yangu, wala siwezi kudai tulikuwa marafiki wa kushibana. Lakini kuna jambo lililopita kati yetu ambalo sijawahi kuwasimulia wasomaji wa safu yangu hii, kwa sababu halinipambi.

Mimi ni karani katika ofisi ya mzee mmoja wa Al Rayyan, ambaye wafanyakazi wake tunamwita Baba. Baba anapenda magari ya zamani, na ana karakana yake binafsi huko Al Wukair. Alilolipenda kuliko yote ni stesheni wagoni moja ndogo ambayo sehemu yake yote ya nyuma, yaani nguzo, milango na kila kinachobeba paa, imeundwa kwa mbao. Mbao hizo si urembo. Ndizo mifupa ya gari. Fundi alikuwa mlinzi wa lango pale, hadi siku Baba alipomkuta akirekebisha mlango wa kibanda chake kwa ustadi, akamhamishia ndani. Sasa, hewa ya huku haina huruma kwa mbao. Jua huikausha mpaka ikapasuka, Agosti unyevu hujipenyeza kwenye nyufa, kisha gari linafungiwa kwenye kiyoyozi, na mbao inaanza kujikunja upya.

Baba alikuwa amepanga kuwapeleka wajukuu wake wanne baharini kwa gari hilo. Siku mbili kabla ya safari, nilipopeleka karatasi karakanani, Fundi alinivuta kando. Aligonga nguzo ya nyuma kwa kifundo cha kidole. Juu ilitoa sauti kavu. Chini ililia kama boga. Akachukua bisibisi na kuisukuma. Ilizama hadi kwenye mpini, bila hata kukwaruza. Msimamizi wa karakana alikuwa amejaza puti, ule ujiuji wa kuzibia matundu, ndani ya mbao iliyooza, akapaka vanishi juu yake, akamwambia Baba kwamba kazi imekwisha.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Yeye mwenyewe. Jana aliniona nikigonga. Akasema nikifungua mdomo nitapanda ndege na nguo hizi nilizovaa."

"Basi nyamaza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mkataba wako umebaki miezi minane tu."

"Na watoto je?"

"Labda hakuna litakalotokea."

"Dada, hiyo labda yako itabeba watoto wanne."

Asubuhi ya safari nilikuwa karakanani; watoto walikuwa wameshapanda, na binti mdogo kabisa ameegemea mlango wa nyuma. Fundi alikuja akasimama mbele ya gari. Mikono yake ilitetemeka hata akaificha mgongoni. Akasema kwa Kiswahili kwamba nguzo imeoza na mlango unaweza kung'oka gari likienda. Baba akanigeukia nimtafsirie. Msimamizi naye alinikazia macho. Nilifikiria kibali changu, ada za shule za wanangu, mama yangu na dawa zake. Nikasema kwa Kiarabu kwamba mbao imechoka shwayya, yaani kidogo.

Fundi hakujua Kiarabu kingi, lakini neno hilo alilijua tangu siku zake za langoni. "Si shwayya, dada!" alipaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Akapiga magoti, akachomeka bisibisi ile ile mbele ya macho ya Baba. Alimbeba mjukuu wake akamtoa, kisha wengine, mmoja mmoja.

Karakana ilifungwa siku kumi. Fundi alipanga begi lake akaliweka karibu na mlango, na mimi kila nilipoitwa ofisini kwa Baba nilidhani naitwa kufukuzwa. Hatimaye Baba alimwita na kumuuliza gari litengenezwe kwa kitu gani kisichooza. Fundi alijaribu mbao ya msaji, lakini alihofia viungo vyake vitafunguka tena kwa hewa hii. Alijaribu faibaglasi, nayo haikushika vizuri skrubu za bawaba. Mwishowe akashauri mifupa ya aluminiamu ndani, na nje ubao mwembamba wa msaji uliogandishwa kwa gundi inayonepa kidogo joto likipanda. Baba akakunja uso: hilo litakuwa gari la uongo. "Mwambie uongo ulikuwa ile puti," akasema Fundi. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Baba alicheka, kazi ikaanza. Msimamizi alihamishiwa ghala jingine, lakini kwa miezi mingi Fundi aligeuka kutazama kila gari liliposimama langoni, akihofia limekuja kumpeleka uwanja wa ndege.

Gari hilo bado linatembea, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Wengi wetu huku tunafanya kazi za namna hiyo. Mlinzi, muuguzi, dereva, yaya: ukifanya vizuri, siku inapita bila habari, na hakuna anayejua ulizuia nini.

Jumanne nilipewa ripoti ya kutafsiri kuhusu mitungi ya gesi katika jengo moja la wafanyakazi, na mtu akaniomba nilainishe neno moja. Niliandika "hatari," kama lilivyokuwa. Niliogopa nikiandika, na ninapoandika safu hii sijajua litakalonipata. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba jasiri hasikii woga, nami nikawa nasubiri wangu uishe ndipo niseme. Fundi alisema nao ukiwa umemjaa, na watoto wanne wakashuka garini.