Kamera Mbili na Sauti ya Susu

Nakumbuka Jumamosi moja kilimani juu ya soko la Tawa, jua la saa saba, nami nimesimama katikati ya boma la watu na kamera mbili. Imenirudia leo, mwanangu, kwa sababu ya ujumbe wako. Umenitumia picha za kamera mbili na swali moja: "Mzee, nichukue gani? Nataka ya picha na ya video pia." Nitakujibu, lakini keti kwanza, maana jibu langu si fupi.

Wakati huo serikali ilikuwa bado inaniita kijana, ingawa mke wangu alikuwa ameshachoka na huo ujana. Kamera yangu ya zamani, ile nzito yenye kioo ndani, ilikuwa imezeeka, nikatamani hizi nyepesi zisizo na kioo. Mbili za bei ya kati ziliniondolea raha. Ya kwanza picha zake zilikuwa kali ajabu. Ukivuta uso wa mtu karibu, ungehesabu kope. Video yake ilikuwa safi pia, lakini ilibeba kadi moja tu, na ikirekodi muda mrefu ilishika joto na kujizima. Ya pili picha zake zilikuwa nzuri tu, za kawaida. Lakini ilibeba kadi mbili, ilituliza mkono unaotetemeka, na ilirekodi mpaka betri iishe. Haya yote niliyasoma mpaka nikayakariri. Bado nikanunua ya kwanza, kwa sababu nilipenda watu washangae wakiona kope.

Hata hivyo roho haikutulia. Nilipoitwa kurekodi ntheo ya msichana mmoja, Mwende, nikaazima ile ya pili kwa rafiki, nizitumie zote siku hiyo, kisha nilinganishe. Unajua ntheo kwetu sisi Wakamba, siku ya kupeleka mbuzi wa mahari. Mbuzi wasipopelekwa kwa kina msichana, hata mkivishana pete kanisani, wazee hawamhesabu kama ameolewa. Haikuwa siku ya majaribio, na mimi nilijua.

Mwende alilelewa na nyanya yake, Susu, kwa maana mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Susu mwenyewe alikuwa mgonjwa, wakamtoa nje kwa kiti. Mapema asubuhi Mwende alikuja kuniambia jambo moja. "Hata ukikosa mengine yote, Susu akinibariki usikose." Nikaitikia kwa kichwa huku nikifunga lenzi.

Kamera yangu kali niliisimamisha kwenye stendi, ikitazama kiti cha Susu, ikirekodi juani bila hata mwavuli. Ile ya kuazima nilikuwa nayo mkononi, nimeiweka upande wa picha, kwa sababu nilitaka kuona kama inaweza kufuata macho ya mtu. Mbuzi walipokwisha kupokewa, Susu akaomba ainuliwe. Akasema kwa Kikamba, polepole, kwa sauti ndogo, na Mwende amepiga magoti mbele yake. Mimi napiga tu picha, tena nimefurahi, maana macho yalikuwa yanashikwa vizuri. Alipoketi ndipo nikageuka kutazama stendi. Skrini yake ilikuwa nyeusi. Kamera ilikuwa imejizima kwa joto kabla Susu hajafungua mdomo.

Nikafanya jambo ambalo linanichoma mpaka leo. Wanawake walipokwisha kumwingiza Mwende ndani, nilimwendea Susu nikamwambia, "Susu, tafadhali, sema tena kidogo. Kamera haikushika."

Mzee Nzioka, kaka yake Susu, akaniwekea mkono begani. Hakupaza sauti. "Kijana, huyu amemaliza. Kwa nyumba hii baraka hairudiwi, ikirudiwa ni kama ile ya kwanza imekataliwa. Wewe ulikuja kushuhudia ama kujaribu vyombo vyako?"

Susu akanitazama kwa huruma, akasema nipewe nyama.

Susu hakuumaliza msimu huo. Baada ya mazishi Mwende alikuja studio peke yake. Picha nilikuwa nimempa, lakini habari ya sauti sikuwa nimemwambia, kwa uoga. Akasema, "Picha ninazo. Nataka tu nimsikie." Ikabidi nimwambie ukweli. Akaomba nimfungulie picha zote za ile baraka kwenye kompyuta. Akazipitia moja moja. Kwa moja akasimama, akaweka kidole karibu na mdomo wa Susu.

"Hapa ndipo aliponiita jina," akasema.

Ilikuwa picha nzuri. Nililia mbele yake, mwanangu, mtu mzima mimi, na hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi sikia. Kama kazi yako ingekuwa matangazo na picha za studio, kivulini, ningekwambia uchukue ile kali na ufurahi nayo. Lakini wewe utaitwa kwenye ntheo, makanisani na kwenye mazishi, siku nzima, kwenye jua letu hili. Chukua isiyojizima, yenye kadi mbili, ili moja ikiharibika nyingine iwe na kazi yako. Kabla ya kuipeleka kwa watu, iweke juani uani kwako irekodi saa nzima, nawe ukae hapo uitazame. Ukifika kwa watu, hakikisha sauti kwanza, picha baadaye. Mambo ya kulinganisha uyaache nyumbani, usiyapeleke kwa siku ya mtu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja mpaka mtu akazikwa.

Mungu akutulizie mkono, akufungue masikio. Na siku mtu atakapobisha mlangoni kwako akiuliza sauti ya mtu wake, Mungu akujalie uwe nayo.