Abaki Mmoja

Fundi bomba wa halmashauri alikuwa na mdomo, jamani! Akiziba bomba moja, mtaa mzima utajua. Mkewe alikuwa karani wa vizazi na vifo katika halmashauri jirani, ng'ambo ya reli, na tangu waoane walikuwa wakitaniana mezani. "Nyie kazi yenu kugonga mihuri tu," fundi alizoea kusema. Mkewe naye hakubaki nyuma: "Na nyie maji hayatoki!"

Basi wakubwa wakaziunganisha halmashauri hizo mbili, wakaanza kupunguza wafanyakazi. Afisa utumishi, kijana mpole, akawaita wote wawili. Mke na mume hawaruhusiwi kufanya kazi halmashauri moja, akawaambia. Abaki mmoja, wachague wenyewe kabla ya Ijumaa.

Fundi hakufikiri mara mbili. Aliona ni wazi kwamba mama watoto atakaa nyumbani apumzike, akamwambia hivyo hivyo. Mkewe wala hakumung'unya maneno.

"Baba watoto, kazi yangu naipenda. Sitoki ng'o!"

Wakanuniana, nakwambia, hata chumvi wakawa wanaombana kupitia watoto.

Alhamisi bomba likapasuka nyuma ya kaunta ya mkewe. Fundi akajipenyeza chini ya sinki, kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mara akaingia baba mmoja kuandikisha kifo cha mtoto wake. Alipoulizwa jina la marehemu, sauti ikagoma. Karani akaweka kalamu chini, akazunguka kaunta, akaketi naye kwenye benchi.

"Hatuna haraka, kaka yangu. Nieleze, mwanao alikuwa anapenda nini?"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na hakuna aliyeguna. Yule baba akaanza kusimulia habari za mpira na viatu vilivyokuwa haviishi kutoboka, akicheka, akilia, hadi jina likatoka lenyewe.

"Kumbe huyu ndiye mke wangu!" fundi alijisemea kule chini, machozi yakimtiririka. Aliona haya, na alimpenda kuliko siku aliyomuoa.

Alipomaliza bomba alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi. "Andika naondoka mimi."

Jioni mkewe alipopata habari, akawaka. "Umeamua bila hata kuniuliza? Wewe na papara zako!"

"Nilipokuwa chini ya sinki lako leo," fundi akasema, "nilikusikia na yule baba."

Mkewe akauliza taratibu, "Na wewe je? Utaweza?"

Fundi alitafuta mzaha, akaukosa. "Itaniuma sana," akasema.

"Najua, mume wangu."

Jumatatu fundi alimsindikiza hadi mlangoni pa ofisi. Mkewe akaingia, yeye akabaki amesimama, hajui aelekee wapi. Bibi mmoja aliyekuwa akitafuta nafasi yake kwenye foleni akamuuliza kama yeye ndiye wa mwisho.

"Hapana, mama," fundi akajibu, kwa sauti iliyosikika hadi ndani. "Mimi nimemleta mke wangu kazini."