Binamu wa Upande wa Mama

Makazi ya saba yalimchosha Lindsay Pruett hata kabla hajashuka kwenye gari. Alizima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akiutazama ukumbi wa matofali ulioandikwa Makazi ya Wastaafu ya Garrow. Kando yake Aldo alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja nje, mmoja ndani, na sahani ya biskuti za lozi mapajani.

"Usinisukume," Aldo alisema.

"Sijakugusa, bwana."

"Unanisukuma kwa macho."

Upepo wa Julai ulitoka baharini, ukapita juu ya mashamba ya viazi, ukawaingia mifupani. Kisiwa cha Tasmania hakina huruma na wazee mwezi huo wa baridi.

Wanaume hao wawili walikuwa wameishi pamoja kama mtu na mwenziwe kwa miaka arobaini na minne. Aldo Bressan alikuja kumwekea Lindsay vigae vya bafuni, kazi ya siku tatu. Akaimaliza kwa wiki tatu, kisha hakuondoka. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, ngazi kumi na tisa kutoka barabarani, na hakuna aliyezihesabu mpaka Aldo alipoanza kutetemeka. Sasa, alfajiri, kabla dawa hazijaingia mwilini, hakuweza hata kugeuka kitandani bila Lindsay. Daktari wao hakuzunguka mbuyu. "Shukeni huko juu," alisema, "kabla hamjashushwa."

Basi tangu kiangazi walikuwa wakizunguka. Kutafuta nyumba uzeeni ni kazi. Kutafuta majirani ni kazi mara mbili. Mahali pa kwanza meneja aliwatazama kwa tabasamu pana, akauliza wake zao watafika lini. Mahali pengine palining'inizwa kitambaa cha rangi zote za upinde wa mvua mlangoni, na binti wa mapokezi alifurahi mno kuwaona hata akaomba kuwapiga picha ya tangazo kabla hajawaonyesha choo. "Nimekuja kutafuta choo chenye vishikizo, mwanangu," Aldo alimwambia. "Sikuja kuwa bendera." Makazi ya kanisa yaliwapokea kwa adabu toka mwanzo hadi mwisho, kisha yakawaandikia kwamba hakuna nafasi, ingawa wao wenyewe walikuwa wameona nyumba nne zisizo na mapazia. Mengine Lindsay hakuweza tena kuyatofautisha. Yote yalinuka zulia jipya.

Garrow walikuwa na desturi yao. Hapakuwa na meneja wa kukupokea. Ulialikwa Alhamisi, mchana, uje na sahani yako ya chakula kama wenzako, ule nao, halafu kamati ya wakazi ikae iamue. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Noelene Cuthbert, mjane wa miaka themanini na sita, mfupi, aliyewaita wanaume wote "kijana" na aliyemiliki jiko la ukumbi kama nahodha anavyomiliki meli.

"Weka hapo, kijana. Si hapo, hapo ni pa keki." Noelene aliipokea sahani, akaonja biskuti moja papo hapo. "Nani kapika?"

"Mimi nimekanda. Yeye amenifokea."

"Ndivyo upishi unavyokwenda." Alimtazama Aldo, aliyekuwa ameketi mbali kidogo, mbele ya bakuli la supu ya boga. "Na mbona hanywi?"

"Anangoja mkono utulie."

"Naona. Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa huo huo." Akajifuta vidole. "Kwani ninyi wawili ni nini? Ndugu?"

Lindsay alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Njia nzima alikuwa akilirudia jibu moyoni, neno kwa neno. Lakini mazoea yana tabu, na mdomo humtangulia mwenyewe.

"Binamu," alisema.

"Binamu! Wewe mwekundu kama karoti, yeye nywele kama kunguru?"

"Upande wa mama."

"Haya," alisema Noelene, akampiga kofi la upendo mgongoni. "Damu ni damu."

Neno hilo, binamu, lilikuwa paa lao la miaka mingi. Lindsay aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sheria ya kisiwa ingeweza kumfunga mtu kama yeye, na uvumi peke yake ungemtoa kwenye usukani asubuhi moja. Hivyo wakawa binamu. Fundi bomba akitarajiwa, Lindsay alikwenda chumba cha pili, akakivuruga kitanda kisicholaliwa, akatupa soksi moja sakafuni. Sheria ilibadilika mwaka tisini na saba. Soksi ziliendelea kutupwa.

Na ubaya ni kwamba mchana ule ulikuwa mtamu. Watu wa Garrow walicheka midomo ikiwa imejaa. Mkulima mstaafu wa vitunguu, Merv Dillard, alimshika Aldo mkono akampeleka kumwonyesha vigae vya choo cha ukumbi, na sauti ya Aldo ikasikika hadi jikoni akimtukana fundi aliyeviweka: kipofu huyu, mlevi huyu, mtoto wa mbuzi huyu! Merv alirudi akifuta machozi ya kicheko. Lindsay alikuwa hajamsikia Aldo akitukana kwa furaha namna ile tangu mwaka juzi. Akajua kwamba mahali penyewe ni hapa, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kupaharibu.

Hakumwambia Aldo. Alisema moyoni atamwambia jioni, kisha kesho. Jumanne simu ikalia, na kwa kuwa Aldo hakuweza kuishika sikioni, aliiweka mezani kwa sauti ya wazi.

"Vijana wangu!" Noelene alipaza. "Kamati imekaa. Mmekubaliwa! Namba mbili na namba kumi na tano. Kila binamu na mlango wake, asisumbuliwe na mkoromo wa mwenziwe. Merv anasema wewe wa vigae uje namba kumi na tano, karibu na kwake."

Lindsay aliacha kupangusa meza.

"Ahsante sana, mama," alisema Aldo taratibu. "Tutakupigia." Akabonyeza kwa kidole kilichotetemeka, mara tatu, mpaka simu ikakatika.

"Binamu," alisema.

"Aldo, nisikilize."

"Upande gani?"

"Wa mama."

"Mama yako alikuwa Mskoti aliyeogopa kitunguu saumu."

Lindsay alitaka kucheka, lakini Aldo hakucheka. "Nilipopasuliwa moyo, miaka tisa iliyopita, ulimwambia nesi wewe ni nani wangu?"

Lindsay akaanza tena kupangusa meza. Alikuwa amesema binamu. Nesi akamjibu kwa upole kwamba wanaoingia ni jamaa wa karibu tu, naye akakaa kwenye kiti cha korido siku mbili, mpaka Graziella, dada yake Aldo, alipofika kutoka Queensland na kupita moja kwa moja na mkoba wake.

"Niliamka nikamwona Graziella," Aldo alisema. "Nampenda dada yangu. Lakini sikumtafuta yeye. Na sasa unataka nikalale namba kumi na tano? Nani atanigeuza alfajiri? Merv? Wiki ya pili nitaokotwa chini, na ya tatu nitapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa, nawe utakuja kunitazama Jumapili na maua. Sitakufa binamu, Lindsay. Afadhali nife kwenye ngazi zetu."

"Mpigie basi umweleze."

"Mimi? Kigae kilichowekwa vibaya hung'olewa na aliyekiweka."

Wenye nia njema hudhani jambo hili husemwa mara moja, kisha mtu huwa huru maisha yake yote. Laiti ingekuwa hivyo. Husemwa kwa daktari mpya, kwa karani wa benki, kwa jirani aliyehamia jana, na kila mara mtu huanza tena chini kabisa ya ngazi. Lindsay hakuwaogopa sana watu wa Garrow. Alikuwa amechoka tu, uchovu usiotibiwa na usingizi, na wakati mwingine uongo ni kiti ambacho mtu hukikalia kwa sababu kipo karibu.

Alhamisi walirudi. Aldo alikataa kushuka.

"Nenda ukaseme mwenyewe," alisema. "Nikiingia nitakusaidia, nawe utaniachia niseme yote."

Ukumbini walikuwa watu kama kumi na wawili, wakipanga viti. Noelene alikuwa kwenye sufuria. Lindsay alisimama mbele ya dirisha la jiko, kofia mkononi, kama mtoto aliyechelewa basi.

"Noelene, nilikudanganya."

Wazee hawasikii wasichotaka kukisikia, lakini hilo walilisikia wote. Viti viliacha kuburutwa.

"Aldo si binamu yangu. Ni mwenzi wangu. Tunalala kitanda kimoja tangu mwaka themanini. Hatuwezi kuchukua nyumba mbili, kwa sababu alfajiri ni mimi ninayemwinua."

Merv Dillard aliweka chini kiti alichokuwa amekibeba. Alichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote bila haraka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakusema neno. Lindsay aliutazama mlango ule mpaka ulipojifunga.

"Unamtazama nani?" Noelene alifoka. "Nitazame mimi! Ulinidanganya jikoni kwangu."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukaniangalia machoni. Nikaenda kwenye kamati kama bwege, nikagombana na watu wawili kwa ajili ya namba kumi na tano. Unajua watu wanavyoililia ile nyumba? Ina jua la asubuhi!"

"Nisamehe, mama."

"Ungeniambia siku ile, nisingegombana na mtu. Ulidhani sisi ni watu gani?"

"Sikudhani kitu," Lindsay alisema. "Nimechoka kudhani."

Noelene alirudi kwenye sufuria, akakoroga kwa hasira, ingawa supu haikuhitaji kukorogwa. Mtu mmoja mwishoni mwa ukumbi alikohoa. Mwingine akaburuta kiti chake mahali pake, na baada ya hapo viti vyote vikaanza tena.

"Mgongo wako ukoje?" Noelene aliuliza bila kugeuka.

"Mbaya."

"Wangu ulikwisha kabisa. Nilimwinua mume wangu miaka sita." Akagonga mwiko ukingoni. "Namba mbili ina chumba kimoja kikubwa. Jua lake la jioni tu, na hita yake inapiga kelele kama nguruwe. Itabidi kamati ikae tena, na sikuahidi kitu. Sikuahidi kwamba Merv atakubali. Sikuahidi wote."

"Sihitaji wote."

"Vizuri, maana huwapati. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa hapa, na wote sijawapata." Akageuka. "Yeye yuko wapi?"

"Kwenye gari."

"Kwenye gari, na baridi hii! Una akili wewe? Mlete."

Lindsay alivuka uwanja wa kokoto. Aldo alikuwa ameshusha kioo kidogo, pua imekuwa nyekundu.

"Wangapi wametoka?" aliuliza.

"Mmoja."

"Mmoja tu? Tumepata bei nzuri. Nani?"

Lindsay alifikiri kumficha. "Merv."

"Yule wa vigae?"

"Yule."

Aldo alikuwa amempenda yule mtu. "Basi abaki na vigae vyake vilivyopinda," alisema, lakini sauti haikuwa na mzaha ndani yake. "Na huyo mama?"

"Amenitukana."

"Vizuri. Niinue."

Lindsay alipitisha mkono chini ya kwapa lake, wakahesabu hadi tatu, Aldo akasimama. Wakakwenda hatua ndogo ndogo juu ya kokoto. Noelene alikuwa amesimama mlangoni, ameuzuia mlango kwa nyonga, mwiko bado mkononi.

"Ingieni au mbaki nje!" alipiga kelele. "Joto lote linatoka!"

Kizingitini mguu wa Aldo ukaganda, kama ugonjwa ulivyopenda kumfanyia penye milango. Ndani, nyuso ziligeuka. Mbele za watu Lindsay alikuwa na kawaida ya kumshika kiwiko, kama mhudumu. Sasa alimshika kiganja, vidole ndani ya vidole, akangoja. Hakuangalia nani anatazama. Hilo nalo lingekuwa kazi nyingine.

"Sahani ya biskuti umeisahau," Aldo alinong'ona.

"Nimeisahau."

"Watadhani hatuna adabu."

Mguu ukaachia. Wakaingia.