Boneti ya Mpingo

Miezi mitatu mizima niliunganisha kigari cha plastiki cha ukubwa wa kiganja, mfano wa yale magari ya kale ambayo vijana wa Marekani waliyavua boneti na madigadi ili injini ionekane. Kutu ya kukifanya kionekane cha zamani sikuinunua dukani. Niliikwangua kwenye jembe bovu la shambani, nikaichanganya na gundi, nikaipaka kwa njiti ya kiberiti, doa moja moja, mpaka macho yakaniuma.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Sudi kula Idi kwetu Rasbura. Niliporudi kuswali nikakuta kigari kiko juu ya kabati, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma, kinang'aa kama sahani mpya. Alikuwa amekisugua kwa makumbi ya nazi na majivu! Kutu yote kwisha.

Kichwa kilitaka kunipasuka. Lakini mkwe hafokewi, na mke wangu alikuwa mlangoni, ananikazia macho.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Asante kwa kazi."

"Marahaba, baba. Wageni wa Idi hawaonyeshwi kitu chenye kutu. Halafu hakina boneti, injini iko uchi kabisa. Nimeshachukua vipimo, nitampa mchonga vinyago wa kule kwetu."

Nikashukuru tena, meno yamekazana.

Idi iliyofuata alikuja nayo, imefungwa kwenye leso: boneti ya mpingo, nyeusi, laini. Niliomba kimya kimya isienee.

Ikaenea barabara.