Aliyemtuma Shomari Juu ya Nguzo

Siku ya kwanza kazini nilipewa flashi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, nikaambiwa niivae shingoni. Aliyenipa ni Fundi Mkuu Shomari, katika ofisi ya mradi wetu pale Dunda, Bagamoyo, chumba cha nyuma ambamo kompyuta chakavu zilikuwa zimerundikwa kama magunia ya mkaa. Nilimwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia marahaba, kisha akanitazama mikono badala ya uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Vizuri. Hutakuwa na mengi ya kusahau."

Naandika habari za kazi hii ili ninyi vijana mnaoishika leo mjue tulivyoifanya sisi. Lakini nisiwafiche, naandika zaidi kwa ajili ya Shomari mwenyewe. Amekufa, na ofisi imesema alipanda nguzo kwa ujeuri wake, hakutumwa na mtu. Si kweli. Alitumwa. Nilikuwepo, na aliyemtuma nitamtaja kwa jina.

Mradi ulikuwa wa kuwapa wakulima habari za mvua, mbegu na bei za mazao. Nje ya mji tulikuwa na vituo viwili, kimoja Kerege, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, na kingine Makurunge. Kompyuta zilikuwa za msaada, zimeshachoka huko zilikotoka. Ukiziwekea mfumo mzito ambao watu wengi wanao, zinaganda kabla hujakaa vizuri kitini. Kwa hiyo tuliziwekea Linux nyepesi. Ni mfumo mdogo, unaingia wote kwenye flashi, na mashine ikiwashwa unajimwaga wote kwenye kumbukumbu yake. Mashine ya kizee inakimbia hata wewe unashangaa. Ila una tabia yake. Kila ulichofanya tangu asubuhi unakishika kwa muda tu. Wakati wa kuzima unakuuliza: nihifadhi? Ukijibu Ndiyo, kazi yako inabaki. Ukijibu Hapana, kesho unaanza upya kama vile hukuwahi kuigusa mashine. Lishikeni hilo, maana ndilo lililomuua mtu. Hapana, nimesema vibaya. Aliyemuua mtu ni mtu.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa kadi za waifai, vile vidude vinavyoiwezesha kompyuta kushika mtandao bila waya. Shomari alinifundisha kuanza na swali moja: hii ni kadi gani kweli? Usisome boksi. Unaandika lsusb, mashine inakutajia kadi kwa namba zake. Namba ndiyo jina lake, boksi ni nguo tu. Afisa Ugavi wetu, Bwana Lugome, hilo hakutaka kulisikia. Mzigo wa kwanza aliouleta kutoka Kariakoo ulifanya kazi. Wa pili ulikuja na maboksi yale yale, rangi ile ile, lakini ndani mlikuwa na kitu kingine kabisa.

"Bwana Ugavi, hizi si zile," Shomari akamwambia.

"Boksi si lile lile?"

"Boksi ndilo. Kilichomo sicho."

"Wewe umeajiriwa kuunganisha mtandao au kuchunguza ukoo wa kadi?"

Tukazichukua hivyo hivyo. Sasa kadi za namna hiyo haziji na akili zake. Zinangoja mfumo uzipe faili dogo wakati wa kuamka, na bila faili hilo hata taa haiwaki. Sisi faili hilo tuliliita roho. Linux nyepesi, kwa kuwa ni nyepesi, haibebi roho za kadi zote. Kuipata roho lazima uingie mtandaoni, na kuingia mtandaoni lazima kadi iwe na roho. Hapo ndipo wengi waliikimbia kazi. Sisi tulichomeka simu kwa waya wa kuchajia, mashine ikavuta mtandao wa simu, tukashusha roho na kuiweka mahali pake. Kisha tuliinakili kwenye flashi ya shingoni, ili siku nyingine tukikuta kadi kama hiyo mahali pasipo na mtandao hata wa simu, tusihangaike.

Kuhangaika kulikuwepo tu. Kerege tulitumia asubuhi nzima kwenye laptopu moja. Roho ipo, namba ni zenyewe, mtandao hauonekani. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, Shomari akainuka kwenda kuswali, kiwiko chake kikagusa swichi ndogo ubavuni mwa laptopu, taa ya kadi ikawaka. Tangu asubuhi mtu alikuwa ameizima redio ya kadi kwa swichi ile. Shomari akacheka mpaka akashika ukuta. "Umeona? Na hata sijatawadha!"

Meneja wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja mpole, akivuta kiti na kutazama tunavyofanya. Alihamishwa. Akaja Meneja Kitwana, na huyu ndiye ninayemtaja. Alikuwa na shahada, na sina ugomvi na shahada ya mtu. Ugomvi wangu ni kwamba kazi asiyoiona kwa macho aliihesabu si kazi. Fundi aliyekaa mbele ya kioo, kwake yeye amekaa tu. Akipita chumba chetu alikuwa akisema, "Nyie bado mnaangalia televisheni?"

Alifanya mambo mawili. La kwanza, virusi viliingia kwenye kompyuta yake mwenyewe ya ofisini, ile yenye mfumo mzito. Akaogopa, akaenda Makurunge akawakusanya makarani, sisi mafundi hatukuitwa, akawaambia: "Kompyuta ikikuuliza swali lolote, jibu Hapana. Hapana haijamdhuru mtu." Makarani wakashika. Kila jioni mashine ikiuliza kama ihifadhi, wakajibu Hapana. Shomari alikuwa amewafundisha Ndiyo, lakini Shomari ni fundi na yule ni meneja.

La pili, nguzo ya chuma ya Makurunge, ile inayobeba antena ya kuvuta mtandao kutoka mjini, ilishikiliwa na waya nne. Mmoja ulipita pale alipotaka kujenga kivuli cha gari lake. Akaamuru ukatwe.

"Bosi," Shomari akamwambia, "nguzo hii sasa imebaki na miguu mitatu."

"Na kigoda je? Kina miguu mitatu, na babu yako alikikalia mpaka akafa."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Basi ikawa tunakwenda Makurunge, tunaziwekea kadi roho, mtandao unashika, tunarudi mjini. Kesho yake Bi Zuhura, karani wa pale, anapiga simu: "Fundi, kadi zako zimekufa tena." Tunarudi, roho hazipo, kana kwamba hatukuwahi kuziweka. Shomari akaanza kunung'unika njiani kuwa kosa liko kwenye kuzima. Aliomba tuachwe kituoni mpaka jioni atazame makarani wanavyofunga mashine. Kitwana akakataa. Wageni wa wafadhili walikuwa wanafika kesho yake, na alitaka mafundi wakashughulikie nguzo.

Siku hiyo Kitwana alikuwepo Makurunge mwenyewe, tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa tope. Tulisimama mlangoni mwa ofisi, mimi, Shomari na meneja, na Bi Zuhura ameketi mezani kwake, dirisha wazi. Nayasema maneno yao kama nilivyoyasikia.

"Pandeni mkageuze antena."

"Bwana Meneja, simu yako ina mtandao?"

"Inao."

"Wa hapa kituoni?"

"Wa hapa hapa."

"Basi antena inavuta vizuri. Simu inapata, kompyuta hazipati. Kosa limo humu ndani, kwenye kadi. Niachie mashine mpaka jioni."

"Simu ni simu, Shomari. Mimi nataka kumwona mtu juu."

"Nguzo imelegea, bosi. Mvua imelainisha chini."

"Nikitoka hapa kwenda Dar sasa hivi nirudi na fundi asiyeogopa, wewe utakwenda wapi? Utauza madafu?"

Shomari alivua kandambili zake, akaziweka pamoja kizingitini, akafunga spana kiunoni. Nami nikamfuata nyuma ili nimpokeze vifaa. Tulipokuwa tunapanda aliniambia, bila kugeuka, "Tutaigeuza kidogo kushoto, halafu tutaigeuza kidogo kulia, halafu tutashuka. Ashibe."

Nguzo ililalia ule upande usio na waya. Haikuanguka kwa ghafla kama wasemavyo. Iliinama polepole, halafu ikakatika chini. Mimi nilikuwa katikati, nikatua kwenye bati la ghala la mbolea, likabonyea nami, nyonga ikavunjika. Shomari alikuwa juu. Aliangukia sakafu ya saruji ya kivuli cha gari, na gari lenyewe lipo pembeni yake.

Tulipakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha mtu aliyekuwa amebeba matikiti. Matikiti yakashushwa njiani, tukalazwa sisi. Gari la meneja lilibaki Makurunge kwa sababu lilikuwa limeoshwa kwa ajili ya wageni. Nilikuwa nimeshika mguu wa Shomari njia nzima, na kabla hatujaingia mjini nilijua nimeshika mguu tu.

Kikao cha ofisi kuhusu ajali kilifanyika mimi nikiwa kitandani hospitali, na Mwanaidi, mke wa Shomari, akiwa ndani, amekaa eda. Mnajua mjane wa kwetu akiwa edani hatoki, hakai na wanaume, hasimami mbele ya kikao. Kitwana alijua hilo. Wakaamua marehemu alipanda bila kibali.

Bi Zuhura alikuja kunitazama na uji kwenye chupa. Alinieleza kwamba fundi mwingine aliletwa kutoka Dar, akaziwekea kadi roho, akatumia mtandao wa simu yake kujaribia, na jioni akamwuliza, "Mkizima mnajibu nini?" Akamwambia Hapana. Yule fundi akabonyeza Ndiyo, akaenda zake, na kesho yake kompyuta zote zilishika mtandao wa simu ya Bi Zuhura. Nguzo ikiwa bado imelala kwenye tope.

"Na kikaoni ulisema nini?" nikamwuliza.

"Niliulizwa kama nilimsikia meneja akiwatuma."

"Ukasema?"

Akafunga chupa ya uji. "Nikasema sikusikia. Nina watoto, Salumu."

Simchukii. Lakini namtaja na yeye.

Siku ya arobaini ya Shomari nilikwenda kwa magongo. Wanaume tulikaa mikekani nje, wanawake ndani. Kitwana alikuja na gunia la mchele na kanzu mpya. Baada ya kisomo akaomba kusema mawili matatu. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi sana, ila alikuwa na haraka, hakuwa mtu wa kungoja ruhusa. Akasema ofisi imempoteza. Alipokuwa anataka kukaa, sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia.

"Bwana Meneja, nani alimtuma mume wangu?"

Ilikuwa ya Mwanaidi. Watu wakatazamana. Kitwana akainamisha kichwa kwa heshima. "Dada yangu, ni kudura ya Mwenyezi Mungu."

"Mungu sijamwuliza. Nimekuuliza wewe."

Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Tusome dua, jamani." Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Shemeji, alitumwa na huyu. Shomari alimwambia antena ni nzima, akamwambia nguzo imelegea, naye akamtuma. Nilikuwepo." Yule mzee akanigeukia: "Wewe kijana, msibani hapasemwi hayo." Nikamwuliza panasemwa wapi, maana kikaoni sikuitwa. Akaanza kusoma. Wote wakainua mikono, na Kitwana akainua yake.

Wiki haikuisha nikastaafishwa kwa sababu za kiafya. Sijafika hata umri wa kuitwa mzee, ila nyonga imenitangulia. Sasa nina meza hapa Dunda, barazani kwa muuza vocha, vijana wananiletea laptopu. Kazi imekuwa rahisi. Mifumo ya siku hizi inakuja na roho nyingi ndani yake, kadi unachomeka na inaamka. Mnajiona mafundi. Sawa. Ila mkubwa wako akitaka kukuona juu ya nguzo wakati kosa liko mezani, hakuna faili la kushusha kwa ajili ya hilo. Kuna kukataa, na kukataa kuna bei yake, na mimi sitawadanganya kwamba ni ndogo. Lugome bado ananunua kwa boksi. Kitwana amepandishwa cheo, ana vituo vingi kuliko mwanzo.

Watoto wa Shomari huambiwa madrasa kwamba baba yao alikuwa mjeuri. Mdogo alirudi analia, Mwanaidi akamleta kwangu, eda ikiwa imeshakwisha. Nikamwambia yote mbele ya mama yake, kama nilivyowaandikia ninyi. Mtoto akaniuliza mbona basi Makurunge pameandikwa kuwa ni marufuku kupanda. Nikachukua bodaboda kwenda kutazama. Kweli, wamesimamisha nguzo mpya, ina waya nne, na chini yake pana kibao cha rangi nyekundu: MARUFUKU KUPANDA BILA KIBALI CHA MENEJA. Kimewekwa pazuri, anayepita barabarani anakisoma, na anayekisoma anaona kilikuwepo siku zote na marehemu alikipuuza.

Kibao kile kiliwekwa baada ya maziko. Siku aliyopanda Shomari, pale chini palikuwa na Meneja Kitwana tu, amesimama na mwavuli wake, anasema, "Juu zaidi."