Mabawa ya Tomasi

Mimi nimeishi Toronto tangu wengi wenu hamjui theluji ni nini, kwa hiyo mnisikilize. Shule niliiacha darasa la sita, lakini watu nawajua, na katika wote niliokula nao ugali jijini humu, aliyenizidi akili ni mmoja tu: Tomasi wa Bukavu. Nakiri hivyo kwa sababu hayupo hapa kunisikia.

Tomasi alikuwa anakata mabawa ya kuku kiwandani, Etobicoke. Kuku anapita amening'inia, Tomasi anakata bawa, anapita mwingine. Kwao alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, na kabla ya hapo alifunzwa kwenye karakana ya misheni na bruda mmoja Mtaliano, aliyemjaza kichwa habari za mafundi wa Florence wa miaka mia tano iliyopita. Ukikaa naye utasimuliwa tu. Kwamba Leonardo alichora sura za watu, kisha akapasua maiti aone mkono unavutwa na nini. Kwamba Brunelleschi, jina ambalo ulimi wangu unalikataa mpaka leo, alianza kama sonara, akaja kujenga kuba la kanisa kuu na kubuni mashine ya kukokotwa na maksai, ya kupandishia mawe.

"Na sikukuu ikifika," Tomasi anasema, "fundi huyohuyo analiundia kanisa mbingu ya mbao, malaika wanashuka kwa kamba. Hawakuwa na mlango wa sanaa na mlango wa sayansi, kaka. Mlango ulikuwa mmoja."

"Wako wewe unanuka kuku."

"Leonardo naye alichunguza ndege."

"Hakuwachunguza kwa mshahara wa saa."

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Aliwahi kuniambia anachokitaka: mtu mmoja tu katika nchi hii amwone ni fundi, amtoe kwa wale kuku.

Mwaka 2006 kanisa letu la Wakongo na Warundi, lililokuwa likiazima ukumbi wa wazungu, likaamua kufanya igizo la Krismasi. Tomasi akajitolea kuunda malaika. Vuli nzima alirudi nyumbani na mabawa kwenye mfuko, anayapasua juu ya meza, anavuta mshipa huu, anatazama kiungo kipi kinafunguka, anachora. Binti yake Ariane, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, akawa anakula amesimama. Siku za taka Tomasi aliokota baiskeli zilizotupwa barabarani, akachomoa minyororo na magurudumu. Upande wa pili wa kamba akaweka mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na Ariane, maana malaika ni yeye. Unazungusha mkono wa chuma, msichana anashuka taratibu, na akifika katikati mabawa yanafunguka yenyewe, kiungo kwa kiungo, kama ya kitu kinachopumua. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nilishangaa.

Jioni moja, nikiwa kwao, nilikuwa nawasimulia nilivyomnyamazisha polisi kwa Kiingereza changu. Ariane akanisahihisha. Alikuwa sahihi, kijana mkorofi yule. Tomasi akaweka kijiko chini.

"Mtoto hamkati mtu mzima maneno. Hata akikosea. Muombe radhi anko wako."

Akaniomba, kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, ila kilimtoka kwa shida.

Sasa, kulikuwa na Télesphore, kiongozi wa kwaya, rafiki wa Tomasi tangu kambi ya wakimbizi. Kiingereza chake kimenyooka. Kila ofisi aliyokwenda Tomasi, Télesphore ndiye aliyemtafsiria. Siku ya mazoezi ya mwisho akaja mama mmoja wa kizungu, mkuu wa karakana ya jumba la maigizo mjini, ameletwa na mwenye ukumbi. Alipoona mabawa yakifunguka, akauliza nani kaunda. Tomasi akasimama mbele yake, akaeleza kwa mikono miwili: Florence, mishipa, baiskeli. Télesphore akatafsiri. Ariane bado ananing'inia juu, anasubiri kuteremshwa. Mimi nilikuwa mfalme wa mashariki, nimevaa taji.

Mama yule akamshika mkono Télesphore, hauachii.

"Amesemaje?" Tomasi akauliza.

"Amefurahi sana. Anasema Mungu akubariki."

Mwezi wa kwanza Télesphore akaajiriwa kwenye ile karakana. Tomasi akampongeza. "Kiingereza kimemsaidia," akaniambia, na akaenda zamu yake.

Jumapili moja Télesphore akaja na samaki wa kukaanga. Mimi nilikuwepo, samaki na mimi hatupishani.

"Kaka Tomasi," akasema, "lile bawa. Kiungo cha pili kinajikunja vipi? Wenzangu kazini wananiuliza."

"Wakuulize wewe kwa nini?"

"Si unawajua wazungu. Wanauliza tu."

Ariane alikuwa anaosha vyombo. Akafunga bomba.

"Wanauliza yeye kwa sababu alisema ni yake." Kwa Kiswahili, cha kujikwaa. "Ule mama alisema anatafuta fundi. Yeye akasema, fundi ni mimi. Akasema, huyu baba ni wa kuzungusha tu."

"Mtoto hakusikia vizuri," Télesphore akasema. "Alikuwa juu kule."

"Juu kunasikika. Ukumbi ule niliupima mimi." Tomasi akamgeukia binti yake. "Unajua tangu Desemba?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulisema mtoto hamkati mtu mzima. Hata akikosea."

Nimeona watu wakipigwa. Sijaona mwingine akipigwa mara mbili bila mkono kunyanyuliwa.

"Kaka, wewe wasingekuchukua," Télesphore akasema. "Mimi nilikuwa nafungua mlango. Nikishakaa vizuri, nikuvute."

"Mlango ulikuwa mmoja."

"Basi nionyeshe kile kiungo tu. Nitakutaja."

"Kamuulize kuku," Tomasi akasema. "Mimi nilimuuliza yeye."

Télesphore akaondoka, samaki wakabaki. Tomasi hakuwagusa. Nikaona nitie neno la faraja.

"Mimi ningemnasa palepale," nikasema. "Ni lile taji, lilinifunika masikio."

Tomasi hakunitazama. Akamwambia binti yake, "Kuanzia leo ukimsikia mtu mzima anasema uongo, mkate maneno. Mbele za watu."

"Anko," Ariane akasema, "wewe hukuwa pale. Ulikuwa jikoni na sambusa."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Tomasi alikuwa amelichukua bawa moja la malaika, anavuta uzi, linafunguka, anauachia, linajikunja. Na kesho yake alfajiri alikuwa kwenye basi la kwenda kwa kuku.